Kitu Kilichofichwa na Kitu Kisichokuwapo

Miongoni mwa michezo ya kompyuta iliyopata wachezaji wengi tangu mwanzoni mwa karne hii, ipo jamii moja isiyohitaji wepesi wa vidole wala ujuzi wa kupigana. Mchezaji huonyeshwa picha ya chumba kilichojaa vikorokoro: masanduku yaliyovunjika, vinara vya mishumaa, vitabu vilivyoliwa na mchwa, utando wa buibui, sanamu zisizo na vichwa. Pembeni ya picha huwekwa orodha ya majina: ufunguo, nyundo, bundi, mkasi, kiatu. Kazi yake ni kuvitafuta vitu hivyo kwa macho na kuvigusa kimoja kimoja mpaka orodha iishe. Akimaliza, mlango hufunguka, naye huingia chumba kingine chenye giza zaidi na vikorokoro vingi zaidi.

Asili ya michezo hii ni vitabu vya picha vya watoto, kama vile Where's Wally? cha Mwingereza Martin Handford kilichotolewa mwaka 1987. Kuingia kwake katika kompyuta kwa nguvu kulitokea mwaka 2005, kampuni ya Big Fish Games ya Seattle, Marekani, ilipotoa mchezo ulioitwa Mystery Case Files: Huntsville. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ilitoa Mystery Case Files: Ravenhearst, na hapo ndipo giza lilipotawala. Mchezaji huingia katika jumba la kale lililohamwa, huokota kurasa zilizotawanyika za shajara ya mwanamke aitwaye Emma, na kidogo kidogo hutambua kisa cha mwanamume aliyekataliwa posa yake na aliyefanya uovu kwa sababu hiyo. Tangu wakati huo jumba lenye mizimu, hospitali iliyofungwa, makaburi yenye ukungu na kijiji kisicho na watu vimekuwa mandhari ya kawaida ya michezo ya namna hii.

Wapo wazazi wanaoihofia michezo hii kwa sababu ya mizimu yake. Wapo pia walimu wanaoisifu kwa kuwa, wasemavyo, hunoa macho na kumfundisha kijana kuchunguza. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimetazama pasipo. Mizimu haina neno. Kasoro ya mchezo, kwa yeyote atakaye kuutumia kama chombo cha elimu, imo katika ile orodha ya majina iliyowekwa pembeni, kitu ambacho mchezaji hukiona kuwa ndicho chepesi na cha kuaminika kuliko vyote.

Jicho na giza

Ili jambo hilo lieleweke, hapana budi kwanza kueleza namna jicho litafutavyo. Mtu akitazama chumba hudhani kwamba anakiona chote kwa mara moja. Sivyo. Sehemu ya retina, yaani kile kiwambo cha ndani ya jicho kipokeacho mwanga, iwezayo kupambanua mambo madogo ni finyu mno. Eneo ilionalo kwa ukali lina upana wa takriban nyuzi 2 za pembe, sawa na upana wa kidole gumba mkono unaponyoshwa mbele. Nje ya hapo sura za vitu hufifia. Kwa sababu hiyo jicho hurukaruka, aghalabu mara 3 au 4 katika kila sekunde, likituatua hapa na pale, nao ubongo huziunga zile picha ndogondogo hata zikaonekana kuwa picha moja kubwa. Kutafuta, basi, ni kuamua mahali pa kulituliza jicho katika tuo linalofuata.

Giza hubadili shughuli hiyo. Retina ina seli za aina mbili zipokeazo mwanga. Zile zenye umbo la pia, ambazo ni kiasi cha milioni 6, hutambua rangi na kupambanua mambo madogo, lakini huhitaji mwanga wa kutosha. Zile zenye umbo la fimbo, zikaribiazo milioni 120, huweza kufanya kazi katika mwanga hafifu sana, lakini hazitambui rangi, na hata baada ya taa kuzimwa huhitaji kiasi cha nusu saa kufikia nguvu zake kamili. Katikati kabisa ya retina, mahali penye uoni mkali kuliko pote, seli za fimbo hazimo. Ndiyo maana nyota hafifu huonekana mtu akiitazama kwa pembeni, na hutoweka mara anapoikazia macho. Jambo ambalo wengi wamelidhania kuwa mazingaombwe ya usiku ni matokeo ya mpangilio wa seli hizo.

Hata hivyo, giza la mchezo si giza la kweli. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga wakati wote, nao mwanga huo huzitosha seli za pia kuendelea na kazi. Mchoraji wa mchezo hutengeneza giza kwa njia nyingine: hupunguza tofauti ya mng'aro baina ya kitu na mahali kilipo. Ufunguo wa rangi ya kahawia iliyokoza huwekwa juu ya mbao za kahawia iliyokoza. Bundi huchorwa kwa kijivu kinachokaribiana na kijivu cha ukuta. Taa ya chumba cha mchezaji ikiwaka, mwanga wake huakisiwa na kioo na kuipunguza zaidi tofauti hiyo ndogo. Mchezaji azimaye taa ili aogope vizuri, kumbe huona vizuri zaidi pia.

Nayo hofu ina maelezo yake. Katika jaribio lililochapishwa nchini Marekani mwaka 1997, watu waliosikilizishwa kishindo cha ghafla walishtuka kwa nguvu zaidi walipokuwa gizani kuliko walipokuwa katika mwanga. Binadamu ni kiumbe wa mchana. Hisi yake kuu ikipungukiwa, mwili hujiweka tayari kwa hatari. Pamoja na hayo, ubongo uliozoea kutafuta nyuso huziona nyuso hata katika nguo iliyotundikwa msumarini. Mtengenezaji wa mchezo hana haja ya kuchora mzimu katika kila chumba. Akishapunguza mwanga, macho ya mchezaji yatamchorea. Katika hili hamna uharibifu wowote wa akili kwa mtu mzima, na huenda mna somo jema la sayansi kwa kijana, iwapo atapata wa kumweleza.

Kuficha na kufichua

Mwaka 1980 mwanasaikolojia Anne Treisman, akishirikiana na Garry Gelade, alichapisha nadharia iliyoathiri sana elimu ya uonaji. Majaribio yao yalihusu jambo ambalo kila mtu anaweza kulijaribu mezani. Shanga moja nyekundu ikiwekwa kati ya shanga za buluu, jicho huiona papo hapo, ziwe shanga za buluu ni 5 au 50. Lakini kitafutwacho kikitambulikana kwa mchanganyiko wa sifa, kwa mfano kitu chekundu cha mviringo kati ya vyekundu vya mraba na vya buluu vya mviringo, mtafutaji hulazimika kuvipitia, na kila kitu kinachoongezwa mezani humwongezea muda wa kutafuta. Utafiti wa baadaye umeirekebisha nadharia hiyo kwa mengi, lakini msingi huo umesimama: zipo sifa ziitazo jicho, na zipo zisizoliita.

Mtengenezaji wa mchezo wa vitu vilivyofichwa huifahamu kanuni hiyo kwa mazoea ya kazi. Huondoa kila kinachoita jicho. Rangi hufanana na mandhari, mipaka ya kitu hukatwa na vitu vingine, na ukubwa huvurugwa kiasi kwamba ngazi inaweza kuwa fupi kuliko kijiko. Mchezo mzuri ni ule ambao hakuna kitu kirukiacho machoni.

Maabara ya hospitali hufanya kinyume chake kabisa. Robert Koch alipokitambulisha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, tatizo kubwa lilikuwa kukiona. Katika miaka ile ile Wajerumani wawili, Franz Ziehl na Friedrich Neelsen, walikamilisha njia ya kutia rangi ambayo hutumika hata leo: vijidudu vya kifua kikuu hubaki vyekundu, na vingine vyote katika makohozi huwa vya buluu. Mwaka 1904 Gustav Giemsa alieleza rangi ambayo kwayo kiini cha kimelea cha malaria huwa chekundu na mwili wake huwa wa buluu. Rangi hizo hazikuongeza kimelea hata kimoja katika kioo. Zilikigeuza kitafutwacho kutoka kundi la visivyoliita jicho na kukiingiza katika kundi la vinavyoliita. Kazi ya sayansi katika jambo hili ni kukivua kitu maficho yake kabla jicho halijaanza kukitafuta, ilhali kazi ya mchezo ni kukivisha maficho hayo.

Faida iliyopimwa

Haitakuwa haki kusema kwamba mchezo hauna faida. Mwaka 2013 Adam Oei na Michael Patterson wa Singapore walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo watu wasio na mazoea ya michezo walipewa michezo mbalimbali kwenye simu, waicheze saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4. Kundi mojawapo lilipewa mchezo wa vitu vilivyofichwa. Walipopimwa baadaye, wachezaji wa kundi hilo walikuwa wameongeza uwezo wa kutafuta kwa macho, na pia uwezo wa kushika kwa muda mfupi akilini mahali palipo vitu. Walimu wanaosema kwamba mchezo hunoa macho, basi, hawasemi uongo.

Lakini neno "kutafuta" lina maana zaidi ya moja, na hapo ndipo penye tatizo. Katika mwezi Januari mwaka 2016 tume ya Marekani inayolinda wanunuzi ilitangaza kwamba kampuni ya Lumos Labs, iliyouza mazoezi ya akili ya kompyuta kwa jina la Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 kwa kuwa matangazo yake yaliahidi mambo ambayo ushahidi wa kisayansi haukuyathibitisha. Michezo yenyewe haikuwa na hatia. Kosa lilikuwa katika kudai kwamba ustadi uliopatikana ndani ya mchezo utahamia kazini, shuleni na uzeeni. Yeyote anayetaka kuupeleka mchezo wa vitu vilivyofichwa darasani anapaswa kuuliza swali hilo hilo: kutafuta kunakofundishwa humu ni kutafuta kwa namna gani?

Ahadi tatu za orodha

Orodha ya majina iliyo pembeni ya picha humpa mchezaji ahadi tatu. Ahadi ya kwanza ni kwamba anajua kitafutwacho. Ya pili ni kwamba kitafutwacho kimo. Ya tatu ni kwamba atajua pindi amalizapo. Katika maisha ya mtafutaji wa kweli, kila mojawapo ya ahadi hizo huvunjwa.

Kwanza, si kila kilicho cha muhimu kimeandikwa katika orodha. Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe walieleza jaribio walilolifanya kwa madaktari 24 bingwa wa kusoma picha za eksirei. Madaktari hao waliombwa watafute vivimbe vidogo katika picha za mapafu zilizopigwa kwa mashine ya kompyuta. Bila ya wao kujua, katika picha fulani watafiti walikuwa wameingiza mchoro wa sokwe, mkubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Kifaa kilichofuatilia macho yao kilionyesha kwamba wengi wa hao 20 walikuwa wameelekeza macho pale pale alipokuwa sokwe. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa na orodha akilini, na sokwe hakuwamo.

Tukio hilo lina ndugu yake. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa eksirei, miongoni mwao William Tuddenham, wameeleza hatari ya kuridhika mapema: daktari akishaona ugonjwa mmoja katika picha, uangalifu wake hupungua, na ugonjwa wa pili humpita. Mchezaji wa Ravenhearst hapatwi na hatari hiyo, kwani akishapata nyundo, orodha humwambia kwamba bado mkasi. Picha ya kifua haina orodha ya kumwambia daktari kwamba bado kuna kitu.

Pili, na hili ndilo zito, mara nyingi kitafutwacho hakimo. Fikra za msomaji na zielekee kwa mpimaji wa maabara aliyeinama juu ya hadubini katika zahanati. Kanuni ya kazi yake inamtaka apitie kwa uchache maeneo 100 ya kioo, kwa ukuzaji wa mara 1,000, kabla hajaandika kwamba damu haina vimelea vya malaria. Vipimo vya haraka vimeenea sana siku hizi, lakini hadubini haijaondoka mezani, kwa kuwa ndiyo ioneshayo wingi wa vimelea na kama dawa inaviangamiza. Mpimaji huyo anaweza kusoma vioo kwa saa kadhaa bila kukuta kitu.

Hali hiyo hulifanya nini jicho? Mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake walichapisha jibu katika jarida la Nature. Watu waliombwa watafute vifaa fulani katika picha zilizojaa vitu, mithili ya mizigo ya abiria. Kifaa kilipokuwamo katika nusu ya picha, watafutaji walikikosa mara 7 katika kila 100 alizokuwamo. Kilipokuwamo katika picha 1 tu kati ya 100, walikikosa mara 30 katika kila 100. Kifaa kilikuwa kile kile na macho yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mazoea: mtu aliyezoea kutokuta huacha kutafuta mapema. Mwaka 2013 Karla Evans na wenzake walipata sura kama hiyo kwa wasomaji wa picha za eksirei za matiti. Picha za wagonjwa wa saratani zilipochanganywa katika kazi ya kila siku, ambamo wagonjwa ni wachache, wasomaji walizipitia bila kuutambua ugonjwa katika asilimia 30. Picha hizo hizo zilipowekwa katika fungu ambalo nusu yake lilikuwa la wagonjwa, asilimia iliyokosewa ilikuwa 12.

Athari yake kwa Afrika ya Mashariki si ndogo. Katika Tanzania Bara, uchunguzi wa kitaifa wa miaka 2015 na 2016 ulikuta vimelea vya malaria kwa kiasi cha asilimia 14 ya watoto wadogo waliopimwa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta kiasi cha asilimia 8. Zanzibar kwa miaka mingi imekuwa chini ya asilimia 1. Hizo ni habari za kushangiliwa. Lakini kadiri ugonjwa unavyozidi kuwa adimu, ndivyo jicho linavyozidi kuzoea jibu la "hakuna", na ndivyo kila mgonjwa anayekosewa anavyozidi kuwa na uzito, kwa kuwa mahali ambapo maambukizi yamekaribia kukatika, mtu mmoja arudiye nyumbani na vimelea anaweza kuyaanzisha upya.

Upo pia upande wa pili wa kosa hilo. Mtu aliyeahidiwa kwamba kitu kimo, atakiona hata pasipo nacho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika hospitali za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, uliwafuata wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Watafiti walipozisoma slaidi za damu zao, chini ya nusu ya wagonjwa hao ndio waliokuwa na vimelea. Miongoni mwa wale wasiokuwa navyo, vifo vilikuwa vingi zaidi kwa uwiano kuliko miongoni mwa waliokuwa navyo. Katika mazingira ambamo kila mwenye homa alitarajiwa kuwa na malaria, malaria ilikuwa tayari katika orodha, na ugonjwa mwingine haukutafutwa kama ilivyostahili.

Tatu, mtafutaji wa kweli hajui amalizapo. Hakuna mlango unaofunguka. Ni yeye mwenyewe anayepaswa kuamua kwamba ametafuta kiasi cha kutosha, kisha aliandike jina lake chini ya neno "hakuna". Uamuzi huo wa kuacha ndio sehemu ngumu kuliko zote katika elimu ya kutafuta, na ndio sehemu ambayo mchezo wa vitu vilivyofichwa haumfundishi mtu hata kidogo.

Mchezo uliovunja ahadi

Yawezekana kujibu kwamba mchezo ni mchezo tu, na kwamba picha isiyo na kitu haitamfurahisha mtu yeyote. Jibu hilo lina uzito, lakini upo mfano unaolipunguzia nguvu. Kampuni ya Kedlin ya Marekani ilitoa mchezo wa simu uitwao Airport Scanner, ambamo mchezaji huwa mkaguzi wa mizigo katika uwanja wa ndege. Mizigo hupita mbele yake, na mingi haina kitu kilichokatazwa. Mchezaji huweza kuadhibiwa kwa kukiacha kilichokatazwa kipite, na pia kwa kuwachelewesha abiria bure. Mchezo huo ulipata wachezaji wengi sana. Kampuni ilipokubali kumpa takwimu za uchezaji Stephen Mitroff, aliyekuwa wakati huo katika Chuo Kikuu cha Duke, simu za watu ziligeuka kuwa maabara kubwa kuliko ambayo chuo chochote kingeweza kuijenga. Katika makala waliyoichapisha mwaka 2014, Mitroff na Adam Biggs walionyesha kwamba vitu vilivyokuwa adimu kupita kiasi vilikosewa na wachezaji mara nyingi zaidi kuliko vilivyoonwa.

Hapa pana la kujifunza. Mchezo ulioondoa ahadi ya pili haukuwakimbiza wachezaji. Badala yake uliwapa wanasayansi maarifa ambayo majumba yote yenye mizimu, pamoja na giza lake lote, hayangeweza kuyatoa, kwa kuwa katika majumba hayo kila kitafutwacho kimo daima.

Wakaguzi wa kweli wa viwanja vya ndege nao wana dawa inayofuata fikra hiyo. Mashine zao huweza kuingiza, mara kwa mara, picha ya bandia ya silaha ndani ya mzigo wa abiria. Mkaguzi akiitambua huambiwa hapo hapo kwamba ilikuwa ya majaribio. Akiikosa huambiwa pia. Kwa njia hiyo jicho halipewi nafasi ya kuzoea "hakuna". Wolfe na wenzake waliripoti mwaka 2007 kwamba mtafutaji akipewa vipindi vifupi ambamo vitafutwavyo ni vingi, na akaelezwa kila mara kama amepatia au amekosea, makosa yake katika kazi yenye vitu adimu hupungua.

Linalowezekana kufanywa

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza linawahusu walimu wa sayansi. Mwalimu anaweza kuchora au kukusanya picha 20 zilizojaa vitu, kisha akakiweka kitafutwacho katika picha 4 tu. Wanafunzi wapewe alama kwa kukipata kilichomo, na alama hizo hizo kwa kusema "hakimo" pale ambapo kwa kweli hakimo. Muda wa kila picha uandikwe. Katika kipindi kimoja darasa litaona kwa macho yake jinsi muda wa kutafuta unavyopungua kadiri picha tupu zinavyofuatana, na jinsi kitu kinavyopita bila kuonwa. Hakuna kompyuta inayohitajika, na somo litakaa kichwani kuliko maelezo ya ubaoni.

La pili linawahusu wasimamizi wa maabara. Utaratibu wa kusoma upya baadhi ya slaidi ili kuhakiki ubora ni mzuri, lakini majibu ya uhakiki yakifika baada ya wiki nyingi hayalifundishi jicho. Pale ambapo malaria au kifua kikuu kimekuwa adimu, inafaa slaidi zenye vimelea vinavyojulikana zichanganywe katika kazi ya kila siku bila alama, na mpimaji aelezwe matokeo siku ile ile. Lengo lisiwe kumtega na kumwadhibu mfanyakazi. Jicho lizoealo kutokuta ni jicho la binadamu yeyote, awe mpimaji wa zahanati au daktari bingwa, na kinga yake ni kazi inayopangwa vema.

La tatu linawahusu vijana wanaotengeneza michezo ya kompyuta, ambao idadi yao katika Afrika ya Mashariki inaongezeka. Jumba la giza na libaki, na mizimu yake ibaki. Lakini katika orodha yenye majina 10, jina 1 liwe la kitu kisichokuwamo, na pembeni kiwekwe kibonyezo chenye neno "hakimo". Mchezaji atakayekibonyeza atakuwa amefanya jambo ambalo michezo ya namna hii haikumdai kamwe: atakuwa ametoa hukumu yake mwenyewe juu ya giza lililo mbele yake.

Wahenga walinena kwamba mtafuta cha uvunguni sharti ainame. Michezo ya vitu vilivyofichwa imewafundisha mamilioni ya watu kuinama, na kwa hilo inastahili shukrani. Lakini methali haikuahidi kwamba kila ainamaye atakikuta akitafutacho. Mtoto anayejifunza leo kutafuta ufunguo katika jumba la mizimu huenda kesho ndiye atakayesoma slaidi ya damu ya mtu asiyemjua. Ni vema aanze mapema kujifunza kwamba "hakuna" nalo ni jibu, na kwamba halitolewi mpaka pembe zote za uvungu zimeangaliwa.